Kompyuta kuu: maunzi yanaishia wapi na mfumo endeshi unaanzia wapi?

mwanafunzi_wandegeya ameuliza:

Salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta hapa Kampala. Muhula huu tuna somo la usanifu wa kompyuta, na mhadhiri wetu ametupa kazi ya kueleza kompyuta kuu, zile ambazo wengi tunaziita meinifremu, kwa namna ambayo mtu aliyezoea seva za kawaida ataelewa. Nimesoma maandishi mengi, lakini mengi yanaishia kwenye sifa: kwamba mashine hizi ni imara, kwamba mabenki makubwa ya dunia yanazitegemea, na kwamba hazizimwi. Ninachokosa ni maelezo ya jinsi mambo hayo yanavyowezekana.

Yako maswali mawili yanayonisumbua. La kwanza ni kwamba z16, kompyuta kuu ya IBM iliyotoka mwaka 2022, ina viini vya prosesa visivyozidi 200 ambavyo mteja anaweza kuvipangia kazi, vikienda kwa gigahatsi 5.2. Viini 200 si vingi, kwani rafu moja au mbili za seva za kawaida zinaweza kuvipita. Basi nguvu inayosemwa iko wapi? La pili, ambalo kwangu ni gumu zaidi, ni kwamba kila ninaposoma juu ya z/OS, mfumo endeshi wa mashine hizo, naona kazi ambazo kwenye Linux zingefanywa na kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, zikiwa zimeachiwa maunzi. Mpaka kati ya maunzi na mfumo endeshi uko wapi hasa?

Nitashukuru pia nikielezwa, hatua kwa hatua, kinachotokea programu inapoomba kusoma rekodi moja kutoka kwenye diski, kwa sababu nahisi hapo ndipo tofauti itakapoonekana.

mstaafu_mbale amejibu:

Mwanangu, swali lako la pili ndilo linalofungua la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo.

Kabla ya mwaka 1964 karibu kila aina ya kompyuta ilikuwa na amri zake peke yake. Taasisi iliyonunua mashine ndogo, kisha ikahitaji kubwa zaidi, ililazimika kuandika upya programu zake. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya mashine zenye ukubwa na bei mbalimbali ambazo zilikusudiwa kutii seti moja ya amri. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks, walioandika juu ya usanifu huo mwaka ule ule, walitenganisha mambo mawili ambayo hadi hapo yalikuwa yamechanganyika: usanifu, yaani yale ambayo programu inaruhusiwa kuyategemea, na utekelezaji, yaani namna saketi za mashine fulani zinavyoyatimiza. Usanifu uliandikwa kitabuni kwa ukamilifu mkubwa, ukieleza kila amri inafanya nini, kila kosa linaripotiwaje, na ni nini kinachobaki kwenye rejista, zile hifadhi ndogo za ndani ya prosesa, baada ya hapo.

Kitabu hicho, kilichokua pamoja na mashine zenyewe, ndicho mpaka unaoutafuta. System/360 ilitumia anwani za biti 24, zinazofikia megabaiti 16. Miaka ya 1980 zikaja anwani za biti 31, zinazofikia gigabaiti 2, na mwaka 2000 ukaja usanifu wa biti 64. Kila mara jambo jipya liliongezwa bila kuyafuta ya zamani, na ndiyo sababu programu ya kawaida iliyotafsiriwa kwa ajili ya System/360 inaweza kuendeshwa leo bila kutafsiriwa upya. Mimi nililiona jambo hilo kazini kwa macho yangu. Programu ya mishahara ambayo msimbo wake wa asili ulikwisha kupotea iliendelea kutoa hundi sahihi baada ya mashine kubadilishwa chini yake.

Sasa zingatia jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Tukisema maunzi, tunadhani tunasema chuma na saketi tu. Kwenye kompyuta kuu, chini ya ule mpaka ulioandikwa kuna programu nyingi sana ambazo mfumo endeshi hauzioni kabisa. Kuna programu dhibiti inayotekeleza amri ngumu kwa kuzivunja katika amri nyepesi. Kuna PR/SM, iliyoingia mwaka 1988, ambayo hugawa mashine moja katika mashine za kimantiki, hadi 85 kwenye vizazi vya karibuni, na kila moja huendesha mfumo endeshi wake ikidhani iko peke yake. Kuna prosesa za msaada ambazo kazi yake pekee ni kusimamia uingizaji na utoaji wa data. Kwa hiyo usiutafute mpaka kati ya chuma na programu. Utafute kati ya yaliyoahidiwa kitabuni na yaliyoachiwa waandishi wa mifumo endeshi kama z/OS, z/VM, z/TPF au Linux.

Baada ya hapo swali la kwanza linakuwa jepesi. Vile viini 200 unavyovihesabu ni vile vilivyotengwa kwa kazi za mteja. Ndani ya mashine hiyo hiyo vipo viini vingine vya uingizaji na utoaji, na vipo viini vya akiba ambavyo havifanyi kitu chochote ila kusubiri. Kiini kinapogundua kwamba hesabu yake imeharibika, hurudi kwenye hali ya mwisho iliyothibitishwa na kuirudia amri ile. Kosa likiendelea, hali yote ya kiini hicho huhamishiwa kiini cha akiba, na programu iliyokuwa katikati ya hesabu huendelea kutoka pale pale. Kumbukumbu nayo, tangu mashine ya z196 ya mwaka 2010, imepangwa kwa mtindo uitwao RAIM, ambao humaanisha kwamba kadi nzima ya kumbukumbu ikifa, yaliyokuwa ndani yake hupatikana kwa kukokotoa kutoka kwenye kadi zilizobaki. Hakuna lolote kati ya haya ambalo mtumiaji wa programu hulazimika kuliona. Fundi hupigiwa simu na mashine yenyewe, na mara nyingi mwenye kampuni hupata habari kwa sababu tu fundi amefika mlangoni na kadi mpya mkononi.

fundi_jinja amejibu:

Mzee, kwa heshima zote, naona tofauti imekuzwa kupita kiasi. Mimi ninahudumia seva za kawaida hapa Jinja. Kumbukumbu zake zina urekebishaji wa makosa. Diski zake huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa. Kugawa mashine moja katika mashine pepe nyingi ni jambo ambalo nalifanya kila wiki, kwa programu isiyolipiwa hata senti. Kadi za mtandao za siku hizi zina prosesa zake. Sasa, kama kila alichokitaja mzee kinapatikana pia kwenye mashine ninayoweza kuibeba kwenye gari, je, kilichobaki si historia na bei?

mstaafu_mbale amejibu:

Ndugu fundi, hoja yako ni ya haki na inastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba mengi yameshuka kutoka kwenye mashine hizi hadi kwenye seva zako, na hiyo ni habari njema kwa kila mtu. Mfumo wa kwanza wa mashine pepe uliotumika kweli ulizaliwa kwenye System/360 mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kituo cha IBM cha Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 ukatolewa kwa jina la VM/370. Kwa hiyo sidai kwamba mambo hayo ni miliki ya meinifremu.

Tofauti ninayoisema ni mahali yalipowekwa. Kwenye seva yako, kerneli hubeba dereva wa kila kifaa: diski ya kampuni hii, kadi ya kampuni ile, kila moja na rejista zake, na makosa yake pia. Dereva huyo anaishi ndani ya kerneli, na akikosea huiangusha yote. Kwenye kompyuta kuu, ujuzi wa kifaa umesogezwa mbali na mfumo endeshi. Kifaa kina kidhibiti chake, chenye prosesa na kumbukumbu zake. Kati ya kidhibiti na mashine kuna chaneli, ambayo nayo ni prosesa inayosoma programu yake yenyewe. Mfumo endeshi huona njia moja ya kuomba, iwe ni diski, tepu au printa.

Chukua mfano wa mwenye duka pale Kikuubo. Anamwandikia karani orodha yote ya mzigo, na ghala gani aanzie, kisha anageukia wateja wake. Hamfuati karani kila rafu, na karani harudi kuuliza baada ya kila boksi bali hurudi mzigo ukiwa tayari au kukiwa na tatizo. Orodha ile ndiyo programu ya chaneli.

Tena mstari huu umesogezwa kwa makusudi. Kwenye System/370 ya awali, mrithi wa System/360, mfumo endeshi wenyewe ulichagua ni njia ipi kati ya njia kadhaa itumike kufikia diski, na njia ikiwa na shughuli ulilazimika kupanga foleni na kujaribu tena. Usanifu wa biti 31 ulipokuja, kazi hiyo yote ilishushwa chini ya mpaka. Leo kifaa kimoja kinaweza kuwa na njia hadi nane, na mfumo mdogo wa chaneli ndio unaochagua. Ukikata kebo moja ya faiba wakati benki inafunga hesabu za siku, maombi hupita njia nyingine. Ninajua kwamba nawe una programu za njia nyingi kwenye Linux, na zinafanya kazi vizuri. Ila zinakula muda wa viini vile vile unavyovihitaji kwa kazi ya mteja.

Kuhusu bei sitabishana nawe. Kwa ofisi ya wafanyakazi mia moja hapa Mbale, ningekushauri ununue seva zile zile unazozihudumia.

msimbo_entebbe amejibu:

Naomba nichukue sehemu ya tatu ya swali, ile ya rekodi moja, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kutunza programu za COBOL, lugha ya programu za kibiashara, zinazoendeshwa kwenye z/OS iliyo mbali na hapa. Nitaifuata kuanzia juu hadi chini, dada, na nitataja majina yanayotumiwa na wenye kazi ili uyatambue ukiyakuta.

Programu inasema: soma. Amri hiyo haiendi kwenye mfumo endeshi moja kwa moja. Inaenda kwanza kwenye kile kinachoitwa mbinu ya ufikiaji, kwa mfano QSAM kwa faili zinazosomwa mfululizo, au VSAM kwa zile zinazotafutwa kwa ufunguo. Mbinu hiyo ni msimbo unaoishi pamoja na programu yako, ndani ya nafasi yako ya anwani, yaani eneo la kumbukumbu ulilopewa. Kama rekodi unayoitaka imekwisha kuletwa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, pamoja na jirani zake, unapewa hapo hapo na safari inaishia hapo. Watu husahau hatua hii, nayo ndiyo hatua inayotokea mara nyingi zaidi kuliko zote.

Kama haipo, mbinu ya ufikiaji huandika programu ya chaneli. Hii ni orodha ya maneno yaitwayo CCW, kila moja likiwa na baiti nane: amri, anwani ya kumbukumbu, idadi ya baiti na bendera chache. Kwenye diski za mtindo wa zamani orodha yenyewe ilisomeka hivi: peleka kichwa cha kusomea kwenye njia fulani ya duara juu ya diski, linganisha kitambulisho cha rekodi inayopita na hiki nilichokupa, kama si chenyewe, rudi nyuma ulinganishe tena, kikipatikana, soma data uiweke kwenye anwani hii. Angalia kwamba ndani ya orodha kuna kitanzi. Chaneli inazunguka ndani yake, wakati prosesa kuu inahudumia watu wengine.

Kisha hutolewa amri ya SVC, yaani ombi kwa msimamizi, na hapa ndipo tunapovuka kuingia katika mfumo endeshi. Prosesa inahifadhi neno la hali ya programu, PSW, ambalo ndilo lenye anwani ya amri inayofuata na haki za programu, na kupakia PSW nyingine kutoka mahali maalumu chini kabisa ya kumbukumbu. Kubadilishana huko kunafanywa na maunzi kwa tendo moja. PSW mpya ina hali ya usimamizi, na inaelekeza kwenye msimbo wa z/OS. Usanifu una aina sita za makatizo (matukio yanayoikatiza prosesa kazi yake), yaani ombi la msimamizi, kosa la programu, uingizaji na utoaji, jambo la nje kama saa, hitilafu ya mashine, na kuanzisha upya, na zote zinatumia njia hiyo hiyo ya kubadilishana PSW. Ukiielewa njia hiyo moja, umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya uhusiano kati ya maunzi na mfumo endeshi.

Sasa z/OS inafanya kazi mbili za ulinzi kabla ya kuendelea. Anwani zilizo kwenye orodha ni za kumbukumbu pepe, ambazo chaneli haizitambui, kwa hiyo hutafsiriwa kuwa anwani halisi, na kurasa zinazohusika hufungiwa mahali ili zisihamishwe data ikiwa njiani. Pia huhakikishwa kwamba programu haitafika sehemu ya diski isiyo yake. Halafu msimamizi wa uingizaji na utoaji hutoa amri iitwayo SSCH, ambayo maana yake ni anzisha njia ndogo fulani kwa programu ya chaneli iliyo hapa. Amri hiyo haisubiri diski. Inakabidhi ombi chini ya mpaka, inarudisha alama ya kwamba limepokelewa, na imekwisha. Programu yako inalazwa isubiri, na kiini kinapewa kazi nyingine mara moja.

Yote anayoyaeleza mzee, yaani kuchagua njia, kupanga foleni na kujaribu tena, yanatokea huko chini bila z/OS kushiriki. Data hushuka moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Kazi ikimalizika, katizo hutolewa, PSW hubadilishwa, z/OS husoma matokeo, huweka alama kwamba tukio ulilokuwa ukilingojea limetimia, na programu yako hurudishwa kwenye foleni ya wanaostahili kiini. Inapopata zamu yake, haina habari kwamba iliwahi kusimama.

Hapo ndipo viini 200 vinapopata maana. Kazi ya benki ni miamala mingi midogo, kila mmoja ukigusa diski au kumbukumbu mara kadhaa na kufanya hesabu fupi. Kiini ambacho hakipotezi muda kwa diski kinabaki na muda wote kwa hesabu.

mwanafunzi_wandegeya amejibu:

Nawashukuru sana, mzee na ndugu wa Entebbe. Sasa naanza kuona. Naomba niulize mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo. Kama programu nyingi za watu tofauti ziko kwenye kumbukumbu moja, ni nini kinachozuia moja isisome siri za nyingine: ni nafasi za anwani peke yake, kama kwenye Linux, au kuna zaidi? Na je, ni kweli kwamba mashine hizi hufanya hesabu za desimali kwa maunzi? Mwenzangu darasani alisema hilo ni mabaki ya zamani yasiyo na faida.

msimbo_entebbe amejibu:

Kuna zaidi, na mimi naliona kuwa sehemu nzuri kuliko zote za usanifu huu.

Nafasi za anwani zipo. MVS, mfumo uliotoka mwaka 1974 na ambao z/OS ndiyo mwendelezo wake, jina lake (Multiple Virtual Storage) lilitokana na jambo hilo hilo: kila kazi, kila mtumiaji na kila huduma hupata kumbukumbu pepe yake kamili. Lakini System/360 ilikuwa na ulinzi mwingine kabla kumbukumbu pepe haijafika, nao haukuondolewa. Kila kipande cha kumbukumbu halisi, leo kikiwa cha kilobaiti 4, kina ufunguo wa biti nne uliowekwa pembeni, nje ya data yenyewe. PSW nayo ina ufunguo. Programu inapotaka kuandika, maunzi hulinganisha funguo hizo mbili. Zisipolingana, kosa hutolewa kabla baiti hata moja haijaguswa. Ufunguo sifuri hufungua kila kitu, na ni wa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Funguo za 1 hadi 7 ni za sehemu nyingine za mfumo. Programu za kawaida hupewa ufunguo wa 8. Kuna pia biti inayosema kama kusoma nako kuzuiwe.

Faida yake inaonekana mahali ambapo nafasi za anwani hazisaidii. Kila nafasi ya anwani kwenye z/OS ina maeneo ya pamoja, yanayoonekana na wote, ambamo mfumo huweka majedwali yake. Bila funguo, programu yako ingeweza kuyaharibu kwa sababu inayaona. Kwa kuwa funguo zipo, hata sehemu mbili za mfumo wenyewe hulindwa moja dhidi ya nyingine, na kosa katika programu ya foleni za kazi halilazimiki kuharibu majedwali ya kumbukumbu. Linux kwenye prosesa za kawaida ina viwango viwili vinavyotumika, kerneli na mtumiaji, na ndani ya kerneli kila sehemu inaamini nyingine zote.

Kuhusu desimali, mwenzako hajafikiria juu ya fedha. Sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa namba za nusu, robo na thumuni, ambazo ndizo prosesa za kawaida huzitumia kwa namba zenye nukta. Ni kweli kwamba shilingi ya Uganda haina senti zinazozunguka sokoni. Lakini riba ya mwaka ikigawanywa kwa siku 365 juu ya akiba ya shilingi 50,000 huzaa vipande vya shilingi, na vipande hivyo lazima vikatwe kwa kanuni iliyoandikwa, kwa kila akaunti, kila siku, na jumla ya matawi yote ilingane na jumla ya makao makuu. Tangu mwaka 1964 usanifu huu una amri za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya namba za desimali zilizofungashwa, kila tarakimu ikikaa katika biti nne na alama ya chanya au hasi mwishoni, hadi tarakimu 31. COBOL huzitumia moja kwa moja. Unaweza kufanya hivyo kwa programu tupu kwenye mashine yoyote, na watu wanafanya. Hapa ni amri ya mashine, na mkaguzi anaweza kuisoma katika kitabu cha usanifu.

fundi_jinja amejibu:

Nimekubali hoja ya funguo. Hiyo sikuwa nimeielewa hivyo, na nimeona thamani yake. Nina swali la mtu wa kazi. Anayeishi hapa, ambako bando la intaneti linauma na umeme unaweza kukatika mchana kutwa, atajifunzia wapi mambo haya bila kugusa mashine yenyewe?

mstaafu_mbale amejibu:

Iko programu iitwayo Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, ambayo huiga usanifu wa System/370 na wa vizazi vilivyofuata, ESA/390 na z/Architecture, kwenye kompyuta ya kawaida. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. z/OS ya leo inahitaji leseni, kwa hiyo usiichukue kwa njia za uchochoroni. MVS 3.8j, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 1980, iko huru kwa umma, na watu wema wameifungasha ikiwa tayari kuwashwa. Ni ndogo: mfumo ule uliandikwa kwa mashine zenye megabaiti 16 za anwani, kwa hiyo laptopu ya miaka kumi iliyopita inauendesha bila shida, kwa betri, na bila intaneti baada ya kuipakua mara moja. IBM nayo ina mafunzo ya bure mtandaoni yaitwayo IBM Z Xplore, yanayokupa akaunti kwenye z/OS halisi, ila hayo yanataka mtandao muda wote.

msimbo_entebbe amejibu:

Ninaongeza jambo moja kwa dada, kwa sababu ya lile swali la rekodi. MVS ikishawaka ndani ya Hercules, nenda kwenye dirisha la opereta la Hercules yenyewe, siyo la MVS, uandike herufi t, alama ya kujumlisha, kisha namba ya diski yako bila nafasi kati yake. Hiyo huwasha ufuatiliaji wa CCW kwa kifaa hicho. Halafu anzisha kazi ndogo inayosoma faili iliyoko kwenye diski hiyo. Kila neno la programu ya chaneli litachapishwa linapotekelezwa. Tafuta baiti ya kwanza ya kila neno: 07 ni kupeleka kichwa kwenye njia, 31 ni kulinganisha kitambulisho, 08 ni kurudi nyuma, na 06 ni kusoma data. Utaona 31 na 08 zikifuatana, labda mara kadhaa, kisha 08 inarukwa na 06 inafuata. Mruko huo hufanyika kwa sababu kidhibiti cha diski, kikipata rekodi, hurudisha alama inayoiambia chaneli iruke neno moja. Ukiandika t na alama ya kutoa pamoja na namba ile ile, ufuatiliaji huzimika. Weka maandishi hayo kwenye kazi yako ya darasani, uandike pembeni ya kila mstari ni nani aliyeutekeleza: programu, z/OS, chaneli au kidhibiti.